Simango angezeekea Beira

Mmeuliza wiki hii kama Msumbiji ingeepukana na vita vya miaka 16 laiti Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, angenusurika. Jibu langu la haraka ni ndiyo. Ila kinachonikereketa ni jingine: je, makamu wake, Uria Simango, angekufa vile alivyokufa?

Turudi Dar es Salaam, Jumatatu, 3 Februari 1969. Mondlane anapita ofisi ya FRELIMO, Mtaa wa Nkrumah, anachukua barua zake. Hafungulii pale, kwani Mei ya mwaka uliotangulia ofisi ile ilivamiwa na mtu akauawa. Anakwenda Oyster Bay, nyumbani kwa rafiki, Betty King, apate utulivu wa kufanya kazi. Kati ya barua mna kifurushi, ndani yake kitabu cha Plekhanov, mwananadharia wa Kimarx wa Urusi. Anakifungua, bomu linalipuka. Aliyelitega alimjua mtu wake: kwa profesa wa zamani wa Syracuse, kitabu ni kama kahawa kwa mzee wa Kariakoo. Baadaye kifurushi kingine cha namna hiyo, chenye jina la Simango, kiligunduliwa kabla hakijalipuka. Wanaomnyooshea Simango kidole kwa mauaji yale hulisahau hilo.

Simango alikuwa makamu, lakini Aprili Kamati Kuu ya FRELIMO ikaweka watu watatu waongoze pamoja: yeye, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Novemba akatoa waraka wa kuwashutumu wenzake, akatimuliwa. Mwaka 1975 akakirishwa makosa hadharani Nachingwea, kambi ya FRELIMO kusini mwa Tanzania. Baada ya uhuru akauawa bila mahakama.

Mondlane asingeruhusu. Ingawa, tuseme kweli, hata yeye Lázaro Nkavandame, kiongozi wa FRELIMO katika jimbo la Cabo Delgado, alimshinda. Ugomvi ulihusu maduka ya ushirika: korosho zinavuka Ruvuma, chumvi na nguo zinarudi, na wenyeviti wanadaiwa kujitwalia faida. Januari 1969 Nkavandame alivuliwa vyeo, Mondlane akiwa hai.

Na vita? Kadiri ninavyoandika, ile “ndiyo” yangu inalegea. Renamo, kundi la waasi lililopigana vita hivyo, iliundwa na majasusi wa Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), kwa kuwa Msumbiji iliwapa hifadhi wapiganaji wa ZANU waliompinga Smith, na Machi 1976 ikafunga mpaka. Mondlane, aliyehifadhiwa na Nyerere miaka yote ile, angewafukuza wapiganaji hao? Sidhani. Vita vingekuja tu, pengine vikikuta machifu na wanakijiji wenye kinyongo kidogo zaidi dhidi ya FRELIMO. Pengine.

Simango, huyo naamini angezeekea Beira, mji ambao mwanawe Daviz alikuja kuwa meya wake.