Usiongeze sefaktanti kabla ya kukagua gridi
Ndugu, unasema kwenye modeli yako ya kompyuta ya mwamba wenye mafuta, sefaktanti (kemikali kama sabuni inayodungwa ardhini pamoja na maji ili kutoa mafuta) inaisha nguvu kabla ya kufika kisima cha uzalishaji, ukauliza kama uongeze dozi. Subiri kwanza. Gawa seli za gridi, yaani vipande ambavyo modeli inaugawa mwamba, ziwe ndogo mara mbili, kisha endesha upya. Seli kubwa huichanganya kemikali papo hapo na maji yote yaliyomo, kwa hiyo inazimuliwa na hesabu tu, mwamba haujahusika. Ikizimuliwa hivyo, inashindwa kushusha mvutano kati ya mafuta na maji; na mvutano huo usiposhuka hadi karibu milinyutoni 0.001 kwa mita, mafuta yaliyonaswa kwenye vinyweleo vya mwamba hayatoki. Jibu lisipobadilika, kagua chumvi ya maji na kiasi cha kemikali kinachonata kwenye mwamba. Tafadhali, namba hizo zipimwe maabara kwa sampuli zako mwenyewe.