Kuchimba Dawa Chini ya Mwamba

Anayesafiri kwa basi Tanzania anaijua sauti ya konda: "Kuchimba dawa! Dakika kumi!" Basi linaegeshwa porini, wanaume wanashika upande huu, wanawake ule, kila mtu anajitafutia kichaka, na mkirudi kwenye viti hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Mimi ni wa Moshi, nimekulia kwenye mabasi hayo. Nilipohamia Nairobi na kuanza kukwea miamba, nilihama na tabia hiyo nzima nzima: ukibanwa, tafuta kichaka, fanya haraka, usiseme.

Lukenya ndiko nilikoumbuka. Kwa asiyepajua, ni kilima cha mawe kando ya barabara ya Mombasa, karibu na Athi River, na wakweaji wa Nairobi wamekizoea miaka mingi. Siku hiyo tulikuwa tumemaliza, navuta kamba ishuke, mita 60, ikaanguka nyuma ya jiwe kubwa lililo mguuni pa mwamba. Nikaanza kuikusanya kwa mikono miwili, kama tunavyofanya wote. Nilipofika katikati harufu ikanijia kabla macho hayajaona. Kamba ilikuwa imetua juu ya kinyesi cha mtu, na pembeni kulikuwa na karatasi ya chooni yenye vijiua vya bluu.

Vijiua vile nilivijua. Karatasi ile niliinunua mwenyewe, na nyuma ya jiwe lile nilikuwa nimejificha mwezi mmoja kabla.

Usiku ule niliifua kamba kwenye karai mara tatu. Mwenzangu wa kamba alidhani ni matope, nami nikamwacha adhani hivyo.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwamba si mgomba. Kwetu uchaggani, chini ya migomba udongo ni mweusi, una unyevu, una minyoo na wadudu wa kila namna. Ukifukia kitu, udongo unakila. Lukenya udongo ni utando tu juu ya jiwe, jua linaukausha, na kinyesi kinakauka pamoja nao badala ya kuoza. Mlima Kenya ni baridi inayofanya kazi hiyo hiyo: juu ya mita 4,000 usiku maji yanaganda, na vijidudu vya kuozesha vinalala. Halafu kuna hesabu ya vichaka. Mwamba unaweza kuwa na njia ishirini za kukwea, lakini mguuni pake una kivuli kimoja na kichaka kimoja. Kila mtu anadhani yuko peke yake pale, na mwisho wa mwezi mmekuwa arobaini.

Pimbi wametushinda. Nenda Hell's Gate, Naivasha, usimame chini ya Fischer's Tower, utawaona wamejazana kwenye nyufa wakikutolea macho. Pimbi wa mawe huwa na choo cha ukoo: wanakwenda sehemu moja, miaka na miaka, mpaka jiwe linaota michirizi myeupe na ya kahawia. Wakweaji wanaoanza huidhani michirizi hiyo ni chokaa tunayojipaka mikononi tukikwea. Sasa unajua.

Sasa tuingie kwenye ushauri, na wa kwanza ni wa saa. Haja haina ahadi, lakini ina mazoea. Mimi ya kwangu huja nusu saa baada ya chai, kwa hiyo nakunywa chai mapema, namaliza shughuli zangu nyumbani, na tukifika kwenye geti la hifadhi naingia chooni hata kama sijisikii. Hili peke yake limeniondolea safari tisa kati ya kumi. Hiyo ya kumi ndiyo tunayoizungumzia.

Kama uko penye udongo wa kweli, mweusi, wenye mizizi, unaweza kuchimba. Shimo liwe na kina cha shubiri moja, ile ya kidole gumba hadi kidole cha mwisho ukitanua mkono. Juu juu sana mbwa, fisi na nyani watalifukua. Chini sana wadudu wa kuozesha ni wachache. Beba kijisepetu cha bustani, maana kisigino cha kiatu hakichimbi shubiri hata siku moja. Hesabu hatua 80 au zaidi kutoka kwenye maji, njia, na mguu wa mwamba. Na korongo kavu ni mto uliolala. Hell's Gate watu wamekufa kwenye lile korongo kwa mafuriko ya ghafla, huku mvua ikiwa imenyesha mbali. Ukiweka kitu mle, umekiweka mtoni.

Karatasi usifukie. Hufukuliwa, huibuka, hupeperuka. Vijiua vyangu vya bluu ni ushahidi. Usiichome pia, majani ya kiangazi hayasubiri kuombwa. Aliyeuona moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 anaelewa. Karatasi unarudi nayo, na pedi unarudi nayo. Wanaotumia maji kwa kopo, kama wengi wa pwani, wana faida kubwa hapa: hawana cha kurudi nacho, ila wamwage maji hayo shimoni na si pembeni.

Penye mawe matupu, mchanga mkavu au baridi kali, hakuna kuchimba. Unabeba. Najua uso ulioukunja, niliukunja pia.

Ng'ambo wana mifuko maalumu yenye unga unaogandisha kila kitu kuwa kama uji uliolala. Nilitumiwa miwili na rafiki, ikaisha, nikarudi kwenye akili za nyumbani. Kopo la plastiki gumu, mdomo mpana, kifuniko cha kuzungusha. Langu lilikuwa la siagi ya karanga. Ndani naweka majivu ya jikoni vikombe viwili, ama maranda ya seremala. Nabeba gazeti. Natandika gazeti nyuma ya jiwe, nachuchumaa, namwagia majivu, nakunja kama anavyokunja muuza karanga, natia kopo, nafunga. Majivu yanakausha na kuua harufu, jambo ambalo bibi zetu walilijua kwenye vyoo vya shimo kabla hatujazaliwa. Jioni natumbukiza kifurushi kwenye choo cha shimo. Cha maji usijaribu, gazeti litakuzibia bomba na utamlipa fundi. Na ile mifuko ya unga haiingii choo chochote, hiyo ni ya pipa la taka.

Mwenye wazo la kufunga kwenye rambo na kulining'iniza mtini, asubiri. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi katika hifadhi za Kenya. Kopo linalorudi nyumbani halina kesi.

Kina dada, tusikilizane. Mikanda mingi ya kukwea ina vikamba nyuma vinavyounganisha duara za mapaja na kiuno. Fungua hivyo tu, shusha suruali, chuchumaa. Kiuno kinabaki kimefungwa na fundo la kamba halijaguswa. Jaribu nyumbani kwanza, na mlango uwe umefungwa. Pia usiende mbali bila kumwambia mtu. Najua tunaona haya kusema, lakini Hell's Gate kuna nyati, na nyati hajui kwamba umejificha. Sisi tuna neno letu: ukisema "nakwenda kuongeza salio," mwenzako anajua upande gani asiangalie na baada ya dakika ngapi aanze kukuita.

Haja ndogo ni nyepesi, ila isiwe mguuni pa mwamba wala kwenye ufa ambao mtu atatia mkono. Penye mwamba unaoning'inia mvua haifiki kuosha, na harufu inakaa msimu mzima.

Milimani mambo ni mazito zaidi. Nilipopanda Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya, tulilala kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, tukaanza kukwea gizani. Kule juu tumbo halina adabu, mwinuko unalivuruga, na uko kwenye ukuta mchana kutwa. Kopo langu lilikwenda na kurudi, kwenye mfuko wake wa turubai nje ya begi. Lilitumika, sitasema na nani. Mto Naro Moru unashuka kutoka bonde la Teleki, chini kidogo tu ya hapo, unakwenda kujiunga na Ewaso Nyiro, na njiani kuna watu wanaochota kwa ndoo. Mayai ya minyoo ya tumbo yanaweza kukaa udongoni miaka yakisubiri mvua. Taifodi nayo haiulizi kama aliyeileta alikuwa mkweaji au mpagazi.

Nimetaja wapagazi kwa sababu. Mjomba wangu alibeba mizigo Kilimanjaro, na misimu miwili alikuwa mgumu wa choo, yaani ndiye aliyebeba kile choo cha hema cha wageni, akakimwaga, akakiosha. Wenzake walimtania, wageni wakampiga picha. Alikuwa akisema kazi ile haikumchukiza. Kilichomchukiza ni kupita asubuhi njiani juu ya kambi ya Barafu na kukuta karatasi nyeupe nyuma ya kila jiwe. Usiku wa kwenda kileleni choo cha hema kinabaki kambini, na gizani kila mtu, mgeni kwa mwenyeji, anachimba dawa pasipochimbika.

Wengine wamefikishwa mahali pa kulazimishwa. Yosemite, Marekani, wanaolala kwenye ukuta wa mwamba wa El Capitan wanatakiwa kushuka na kinyesi chao, na wengi walizoea kukitia kwenye kipande cha bomba la PVC kinachoning'inia chini ya mizigo. Everest, upande wa Nepal, agizo la kurudi nacho kwenye mifuko lilitoka mwaka 2024. Sisi bado hatuna wa kutulazimisha pale Lukenya.

Nikimpeleka mgeni siku hizi, namwonyesha kopo kabla ya kumwonyesha fundo. Anacheka, nami nacheka, na baada ya hapo hakuna tena anayejificha na siri. Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia saa nne asubuhi, jasho linamtoka, akasema bila kupepesa macho: "Dada, naomba kopo."

Ukirudi nyumbani, lioshe kwa maji ya moto na dawa ya madoa, lianike juani likiwa wazi. Halafu lizungushie utepe mwekundu na uandike kwa kalamu nzito. Mimi sikuandika, na mama alipokuja kunitembelea kutoka Moshi alilikuta kwenye kamba ya nguo, linameta, akalipenda, akalijaza sukari.