Namuuliza kila jioni, anakosea palepale

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu ni fundi cherehani. Mwaka jana alishikwa na homa kali akaweweseka siku tatu, hospitalini wakasema virusi vya herpesi vimeingia kwenye ubongo. Alipona, lakini mpaka leo hakumbuki hata kama amekula. Ajabu ni kwamba kola anaishona vizuri kabisa, akimaliza anauliza shati ni la nani! Kila jioni namwonyesha picha, "Huyu nani?" Mjukuu wetu aliyezaliwa yeye akiwa wodini, anamwita kwa jina la dada yake marehemu. Namsahihisha, kesho analirudia lilelile. Nimwongezee mazoezi?

JIBU: Marahaba, mama. Usimwongezee, na huo mtihani wa jioni uache leo. Mimi na wewe kosa hutufunza kwa sababu tunakumbuka kwamba tulikosolewa. Yeye masahihisho yako yameshafutika, ila jina alilolitamka limebaki mdomoni. Kila jioni unamzoesha kukosea, bila kujua. Baddeley na Wilson, watafiti wa Uingereza, walionyesha mwaka 1994 kwamba wenye usahaulifu mzito hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kubahatisha.

Basi shika picha moja tu, ya mjukuu. Taja jina wewe, naye alirudie papo hapo. Muulize baada ya nusu dakika, kisha dakika moja, mbili, nne. Akisita, mtajie kabla hajakisia. Akikwama, rudi kwenye muda mfupi aliouweza. Picha nyingine zisubiri.

Sasa hiyo kola. Virusi hivi hupenda kuharibu sehemu za pembeni na ndani ya ubongo zinazohifadhi matukio mapya. Ujuzi wa mikono una makao mengine. Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza, aliupata ugonjwa huohuo mwaka 1985. Akawa anasahau ndani ya sekunde chache, lakini piano aliendelea kuipiga.

Kwa hiyo pitia mkononi. Jina la mteja libanwe kwa pini kwenye kitambaa kabla hakijakatwa. Daftari lifungwe kwa kamba kwenye cherehani, na kila akikata uzi wa mwisho aandike kazi aliyomaliza. Wiki za mwanzo utamshika mkono, tena sana. Dawa ziachie kengele ya simu.

Sikudanganyi: uwezo wake wa kukumbuka wa zamani hautarudi kwa kukaririshwa. Na akikusimulia safari ambayo hakwenda, haongopi, ubongo unaziba pengo. Usibishane naye, mfungulie daftari asome mwandiko wake mwenyewe.