Katamarani ya rimoti: anza na urefu, kasi baadaye

Ndugu, umeuliza uchukue katamarani gani ya umeme, yaani boti ya rimoti yenye bodi mbili sambamba, iliyo na mbio lakini isiyopinduka ovyo, ya kukimbiza ziwani kwa burudani. Angalia urefu kwanza. Chombo cha sentimita 60 hurushwa na kiwimbi kidogo tu, ila cha mita 1 hivi hukipita kimetulia. Mimi ningechukua Traxxas DCB M41: ni pana, na kwa betri mbili za 3S (kila moja ina seli tatu), jumla volti 22.2, huvuka kilomita 80 kwa saa.

Adui mkubwa ni upepo. Hewa huingia kati ya zile bodi mbili na kukinyanyua chombo. Ikizidi, omo (sehemu ya mbele) huinuka na kinapinduka kinyumenyume. Kwa hiyo sogeza betri mbele kidogo kidogo hadi omo itulie, na ukielekea upepo punguza mwendo. Kwenye kona punguza kabla hujakata usukani.

Tazama pia kama maji ya kupoza mota yanatoka pembeni. Yakikoma, kirudishe ufukweni mara moja. Na usimalize betri yote. Kikizimika katikati ya ziwa kifuate kwa mtumbwi, tafadhali usiogelee.