Kipanya Kinachorukaruka: Kabla ya Kuulaumu Mkono

Dada mmoja wa Likoni anayetengeneza kadi za harusi ameniandikia kwamba kipanya chake kisicho na waya kimeanza kumtesa. Kishale huganda, kisha huruka hadi upande wa pili wa kioo, na mara nyingine mbofyo mmoja husomwa kama miwili. Shaabani inakaribia, harusi zitafuatana hadi mkesha wa Ramadhani, na mteja mmoja amekwisha kumwambia kuwa nakshi zake zimepinda kwa sababu mkono wake haujatulia. Anauliza kama anunue kipanya kingine cha aina hiyo, cha bei ya juu zaidi, au arudie cha waya. Nimeamua kumjibu kwa kirefu, kwa kuwa naamini wengi wetu tunaotafuta riziki mbele ya kompyuta, na tunaotaka kazi zetu ziheshimiwe, tumewahi kufikwa na jambo hili, na pia kwa sababu ile kauli ya mkono usiotulia imenigusa mahali ambapo bado pana kidonda.

Kabla ya kufungua ofisi yangu ndogo hapa Mwembe Tayari, Mombasa, niliajiriwa na wakala mmoja wa forodha mjini. Kazi yangu ilikuwa kuingiza taarifa za mizigo, na wanaoijua kazi hiyo watakubali kwamba haina huruma. Kila bidhaa ina namba yake ya ushuru yenye tarakimu nane katika jedwali la pamoja la Afrika Mashariki, mistari ya orodha imebanana, na ukibofya mstari wa chini badala ya wa juu, marobota ya vitambaa yanageuka kuwa kitu kingine kabisa chenye ushuru wake mwingine. Asubuhi kazi yangu ilikuwa safi. Baada ya adhuhuri kishale kilianza kujikokota, kikasimama, kikaruka mistari miwili mitatu, nami nikalazimika kuhakiki upya kila nilichoingiza huku wenzangu wakifunga mafaili na kwenda zao nyumbani.

Msimamizi wangu hakuwa na shaka hata chembe kuhusu chanzo. Mbele ya wateja waliokuwa wameketi wakisubiri stakabadhi zao, alisema, "Wewe kijana, hiyo muguka yako ya mchana itakufukuzisha kazi." Mimi sijawahi kutia muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, mdomoni. Nilimjibu kwa adabu kwamba kipanya kilikuwa na hitilafu, naye akaniambia kuwa kipanya ni kipya na betri ni mpya, jambo ambalo lilikuwa kweli, na wateja wakanitazama kwa namna ambayo naikumbuka hadi leo.

Ukweli ulijitokeza siku ambayo diski ya nje ya ofisi, ile tuliyohifadhia nakala za mafaili, ilipopelekwa tawi jingine. Alasiri ile kishale kilitulia tuli hadi tukafunga. Hapo ndipo nilipoanza kuunganisha mambo. Diski hiyo ilichomekwa kila siku baada ya chakula cha mchana, tena nyuma ya kompyuta yangu, katika tundu lililo jirani kabisa na lile lenye kipokezi cha kipanya, kile kidude kidogo cha USB kinachopokea mawimbi yake. Iliporudishwa niliichomeka mwenyewe kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukizungusha kipanya polepole, nikaona kishale kikianza kukatikakatika mara taa ya diski ilipowaka. Nikaichomoa, kikatulia. Nikaichomeka tena, kikaruka.

Sababu yake inajulikana vizuri, na mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa waraka mzima kuihusu. Vipanya vingi visivyo na waya vinawasiliana na vipokezi vyao kwa mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4. Vifaa vya USB 3.0, ambavyo mara nyingi hutambulika kwa ulimi wa buluu ndani ya tundu, hupitisha data kwa kasi ya hadi gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele ya umeme inayotokana na kasi hiyo huangukia katika masafa yale yale. Huvuja kwenye tundu, kwenye kebo na kwenye diski yenyewe. Kipokezi kilichobanwa sentimita mbili kutoka hapo ni kama mtu anayejaribu kusikiliza mnong'ono akiwa ameegemea spika ya matatu. Kwangu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu sanduku la kompyuta lilikuwa la chuma, limewekwa sakafuni chini ya meza, na kipokezi kilikuwa mgongoni mwake, kwa hiyo sauti ya kipanya ilifika ikiwa tayari imedhoofika.

Tiba yake haikugharimu kitu. Nilichukua kebo ya kurefusha USB iliyokuwa kwenye droo, nikakipandisha kipokezi hadi juu ya meza, kikakaa karibu na kipanya na mbali na diski. Tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Nilimwonyesha msimamizi. Akatikisa kichwa, akasema "haya, sawa," akaendelea na simu yake. Neno la kunisafisha mbele ya wale aliokuwa amenichafua mbele yao halikutoka, wala halijatoka.

Basi, dada yangu, jambo la kwanza ni hilo: angalia kipokezi chako kimekaa wapi. Kama unatumia laptopu na umechomeka diski au flashi ya USB 3.0 upande ule ule, kihamishie kipokezi upande wa pili, au kitoe nje kwa kebo ya kurefusha. Ukiwa na diski unayoichomeka na kuichomoa, fanya jaribio nililolifanya mimi, kwa sababu litakupa jibu kabla hujatoa hata shilingi.

Pili, angalia ruta yako, kile kifaa kinachosambaza intaneti ya Wi-Fi. Wi-Fi ya kawaida nayo hutumia gigahezi 2.4, na katika majengo yetu ya ghorofa, Tudor au Ganjoni, unaweza kufungua orodha ya mitandao ukakuta ya majirani imejaa kioo kizima. Kama ruta yako ina masafa ya gigahezi 5, hamishia kompyuta huko, na usiiweke ruta juu ya meza ile ile unayofanyia kazi. Kipanya cha Bluetooth hakiko nje ya msongamano huu, kwani nacho kinatumia masafa hayo hayo, ingawa hurukaruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine kikikwepa yenye kelele.

Kuhusu betri nitasema kidogo tu. Betri iliyochoka hufanya kishale kichelewe na kukatika, hasa kipokezi kikiwa mbali. Lakini kwetu pwani kuna adui mwingine, nao ni unyevu na chumvi ya hewani. Fungua kifuniko utazame springi za betri. Nimefungua vipanya vya majirani zangu hapa nikakuta springi zimeota ukungu wa kijani, au unga mweupe wa betri ya alkali iliyovuja. Toa betri, sugua kwa pamba iliyochovywa kidogo sana kwenye siki au maji ya ndimu, kausha vizuri, kisha utie betri mpya. Usipotumia kipanya kwa muda mrefu, kihifadhi bila betri.

Meza nayo ina neno lake. Chini ya tumbo la kipanya kuna kamera ndogo inayopiga picha za uso wa meza zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde na kuzilinganisha ili kujua mkono umeelekea wapi. Juu ya kioo kitupu haioni alama za kulinganisha, na juu ya meza inayong'aa huchanganyikiwa. Nilikwenda Nyali kumsaidia mteja aliyekuwa amekwisha kununua vipanya kadhaa kwa mfululizo, nikakuta meza yake ni ya kioo, nikaweka jalada la daftari chini ya kipanya, na kazi ikaisha hapo. Kipo kipanya kinachoweza kusoma kioo, kwani Logitech ilileta teknolojia hiyo mwaka 2009 kwa vioo visivyopungua unene wa milimita 4, lakini jalada la daftari ni rahisi zaidi. Ukiwa hapo, kigeuze kipanya na utoe unywele au uzi ulionasa kwenye lile tundu la mwanga, kwani uzi mmoja unatosha kukifanya kishale kitetemeke.

Sasa lile la mbofyo mmoja kusomwa kama miwili. Hilo si la redio. Chini ya kitufe kuna swichi ndogo yenye bamba jembamba la chuma, na likichoka hugusa mara mbili pale ulipobonyeza mara moja. Jaribu hivi: bofya folda mara moja tu, nayo ikifunguka ingawa hujabofya mara ya pili, swichi imechoka. Kuhamisha kipokezi hakutaponya hilo, wala kubadili betri, na kipanya cha waya nacho hupatwa na ugonjwa huo huo. Fundi anaweza kubadilisha swichi, lakini kwa kipanya cha bei ya chini mara nyingi haifai gharama.

Kwa maelezo yako, kipanya chako kina maradhi mawili, na moja limekwisha kukomaa. Ndiyo maana nakushauri ununue cha waya kwa kazi ya mezani. Hakina betri, hakina redio, kelele ya diski na ruta haikihusu, na umeme wake unatoka kwenye kompyuta. Najua wapo wanaoona waya ni ushamba. Kipanya cha kwanza kabisa, kile cha mbao kilichotengenezwa mwaka 1964 katika maabara ya Douglas Engelbart na kuonyeshwa hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, kilikuwa na waya. Anayechora nakshi za kadi kwa kishale, au anayebofya ingizo lisiloweza kufutwa, anahitaji kifaa kinachomtii, na heshima ya kazi yake itapimwa kwa mistari iliyonyooka, hata kama meza ina waya mmoja zaidi.

Na nyinyi mlio na wafanyakazi chini yenu, nawaomba kwa moyo wangu wote: mtu aliyekuwa makini asubuhi akianza kukosea alasiri, angalieni kwanza kilichobadilika mezani kwake. Mpeni kipanya cha waya ajaribu kwa saa moja. Jaribio hilo ni jepesi kuliko kumvunjia kijana wa watu jina lake mbele ya wateja, na jina likishavunjwa halirudishwi kwa "haya, sawa."

Ukienda dukani, dada, usinunue kikiwa ndani ya boksi. Omba kichomekwe, kisha ukunje waya taratibu pale unapoingia kwenye kipanya, kwa kuwa ndipo unapokatikia. Taa ya tumboni ikizimika au kupepesa, kirudishe uombe kingine. Chagua chenye waya laini, bofya vitufe vyote viwili na uzungushe gurudumu. Kama kishale kitaruka hata kwa kipanya hicho kipya, basi tatizo liko kwenye laptopu yenyewe, na mara nyingi ni kiganja kinachogusa kibao cha kutelezeshea vidole (touchpad) wakati wa kuandika. Kizime kibao hicho kwenye mipangilio, na uniandikie kama hata hapo kishale kitaendelea kukusumbua.