Rangi ya chumba cha kulala: anza na saa unazokuwamo chumbani

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: chumba chenu ni kidogo, kina dirisha moja linalotazama mashariki, sakafu ni ya vigae vya kijivu, kabati ni la mbao ya kahawia yenye wekundu, na hapo nyumbani mmegawanyika kati ya samawati, rangi ya maziwa na kijivu, huku mwenzako akitaka ukuta mmoja uwe wa rangi iliyokolea. Umeuliza pia kama ni kweli kwamba rangi nyepesi hukifanya chumba kionekane kikubwa. Ninajibu kutokana na vyumba nilivyopaka kwangu na vile nilivyowasaidia jamaa na marafiki kuvichagulia rangi, na nitajibu kwa urefu kwa sababu ushauri wa «paka nyeupe tu» umekwisha kukufikia na haukukusaidia.

Ninaloliweka mbele ya yote ni saa. Sebule huonekana mchana, lakini chumba cha kulala wengi wetu tunakiona alfajiri kabla ya kutoka na usiku baada ya kurudi, na saa ambazo jua limewaka sana hatumo ndani yake. Rangi iliyokupendeza adhuhuri, au dukani chini ya taa nyeupe kali, haijathibitisha lolote kuhusu chumba utakachokiona saa tatu usiku. Dirisha la mashariki hukuletea mwanga wa jua wenye umanjano asubuhi, kisha jua likishapanda na kuhamia upande mwingine unabaki na mwanga wa anga tu, ambao una ubuluu kidogo na huzifanya rangi nyingi zionekane baridi. Baada ya hapo taa ndiyo inayotawala.

Kwa hiyo chagua taa kabla ya rangi. Kwenye boksi la balbu kuna namba ya kelvini: 2700 ni mwanga wa manjano uliotulia, 4000 ni mweupe wa wastani, na 6500 ni mweupe wenye ubuluu. Samawati nyepesi chini ya taa ya 2700 hupoteza ubuluu wake na kuelekea kijivu au kijani, ilhali rangi ya maziwa chini ya taa hiyo hiyo huongezeka umanjano. Chini ya 6500 mambo hugeuka: samawati huwa baridi mno na rangi ya maziwa hupauka. Kwa chumba cha kulala ninapendelea 2700 au 3000, na hupenda balbu ambayo kipimo chake cha CRI ni 90 au zaidi, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha jinsi taa inavyozionyesha rangi kwa uaminifu. Watu hubishana wiki nzima juu ya kopo la rangi, kisha wakafunga balbu yoyote iliyokuwamo kabatini.

Wapo watakaokuambia kwamba buluu hulaza na nyekundu hukesheza. Mimi siyapi uzito mkubwa madai hayo, kwa maana rangi ya ukutani hurudisha tu mwanga inaoupata. Kinachogusa saa ya mwili ni mwanga wenyewe, wa taa na wa simu, wingi wake na wakati wake. Lililo la hakika zaidi ni hili: macho yetu katika mwanga hafifu sana hayaoni rangi kama mchana. Mwanasayansi wa Kicheki Jan Purkinje aliliona jambo hilo katika karne ya 19, kwamba giza linapoingia nyekundu huzama haraka ikawa karibu nyeusi, huku buluu na kijani zikibaki na mwangaza zaidi. Ukuta mwekundu wa matofali utakaouchangamkia mchana utakuwa doa jeusi alfajiri.

Baada ya taa, tazama vitu visivyoondoka. Rangi huchanganywa dukani kwa maelfu ya aina, lakini vigae vyako na kabati lako vimekwisha kuwapo, na haifai kuchagua ukuta kwanza kisha ukahangaika kuvilazimisha viufuate. Hapa mtu wa kukumbukwa ni Michel-Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris. Yaliletwa malalamiko kwamba rangi nyeusi ya kiwanda ilikuwa dhaifu. Alipochunguza aliona kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro, bali rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizokuwa zikiibadilisha machoni. Mwaka 1839 akachapisha maelezo yake kamili: rangi mbili zikikaa jirani, kila moja huisukuma nyenzake kuelekea upande ulio kinyume chake.

Chukua sasa kabati lako lenye wekundu. Kijivu tupu kikiwekwa nyuma yake kitaonekana kuwa na ukijani au ubuluu ambao haumo kwenye kopo, na kabati lenyewe halitabadilika sana. Samawati itafanya zaidi: itaufanya wekundu wa mbao uonekane mkali kuliko ulivyo. Kama unalipenda kabati hilo, huo ni uzuri. Kama unalivumilia tu, samawati italitangaza. Rangi ya maziwa yenye ukijivu kidogo ndiyo itakayoliacha kabati litulie na wakati huo huo kupatana na vigae. Kati ya tatu mlizozitaja, hiyo ndiyo ningeichagua kwa kuta tatu.

Lakini usichague rangi ya maziwa kwa jina. Karibu kila nyeupe na kila kijivu kina rangi nyingine iliyojificha ndani yake, iwe umanjano, upinki, ukijani au ubuluu, nayo haionekani mpaka uiweke kando ya karatasi nyeupe kabisa au uipange pamoja na nyeupe nyingine. Fanya hivyo pia kwa vigae: weka karatasi hiyo juu yake ujue kama kijivu chake kinaelekea buluu au kahawia. Vikielekea buluu na ukuta ukawa na umanjano mwingi, sakafu itaonekana chafu hata ikipigwa deki kila siku.

Kipande kidogo cha kwenye kadi ya rangi nacho hudanganya. Ukutani rangi hukolea, kwa sababu mwanga hugonga ukuta mmoja, ukachukua rangi yake, ukaenda kugonga wa pili, na katika chumba kidogo mchezo huo ni mkali zaidi. Kwa hiyo ile unayoipenda kwenye kadi, shuka hatua moja kuelekea nyepesi au yenye ukijivu zaidi. Nunua kopo la sampuli, paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, kwenye ubao au karatasi ngumu kubwa, ukiacha ukingo mweupe pembeni, kisha usubiri ikauke kabisa, kwani rangi nyingi za maji hubadilika kidogo zikikauka na mara nyingi hukolea. Usipake sampuli moja kwa moja juu ya ukuta wa zamani, maana rangi iliyopo itaingilia hukumu yako kwa namna ile ile aliyoieleza Chevreul. Uhamishe ubao: kando ya dirisha, kwenye kona yenye giza, nyuma ya kabati. Utazame alfajiri, jioni na usiku taa ikiwa imewashwa.

Kuhusu ukubwa wa chumba, ni kweli nusu. Kadi nyingi za rangi huonyesha kipimo cha LRV, kati ya 0 na 100, yaani kiasi cha mwanga kinachorudishwa na rangi; rangi yenye 70 hukipa chumba mwanga mwingi kuliko yenye 30, na mwanga mwingi husaidia kuta zionekane mbali. Hata hivyo, kinachokibana chumba mara nyingi ni mipaka mikali. Ukuta mweupe wenye skatingi nyeusi (ukanda wa chini ya ukuta), fremu za mlango za kahawia na pazia la rangi ya tatu hukatakata chumba vipande vipande. Ukipaka kuta, skatingi na fremu rangi moja au zinazokaribiana, na pazia likaendana na ukuta, jicho halipati pa kusimama na chumba hupumua, hata kama rangi yenyewe si nyepesi sana. Dari iache nyeupe yenye rangi iliyojificha ile ile ya kuta.

Kwa kuta chagua rangi isiyong'aa au yenye mng'ao hafifu sana. Inayong'aa huoshika vizuri, lakini huonyesha kila wimbi la plasta taa ya kando ya kitanda inapowashwa.

Nimalizie na ombi la mwenzako, ambalo mimi sioni sababu ya kulikataa. Swali ni ukuta upi. Usiwe wenye dirisha, kwa sababu giza la ukuta kando ya mwanga wa nje huumiza macho, wala usiwe unaotazamana na dirisha, kwa kuwa huo ndio unaopokea mwanga na kuusambaza. Ukuta wa kichwani mwa kitanda unafaa, kama kitanda hakijaegemezwa kwenye mmojawapo wa hizo mbili: unauona unapoingia na huutazami unapolala. Buluu nzito yenye ukijani na ukijivu itakaa vyema na kabati lako. Ujue tu kwamba rangi zilizokolea huchanganywa dukani kwenye rangi ya msingi yenye unga wa titani nyeupe kidogo au isiyo nao kabisa, na unga huo ndio unaofunika kilicho chini. Kwa hiyo tanguliza mkono wa kijivu, kisha tarajia mikono miwili au mitatu juu yake. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja ukuta ukiwa laini. Nunua ya kutosha kwa mara moja, na kama ni makopo mawili yachanganye katika ndoo moja kabla ya kuanza, kwa maana makopo yaliyochanganywa siku tofauti huweza kutofautiana, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta.