Kabla Hujalitaja Ua, Geuza Jani Lake

Kiangazi changu cha kwanza Fairbanks, Alaska, nilipita kwenye msitu uliokuwa umeungua. Miti ilisimama mieusi bila tawi, na chini yake maua ya waridi iliyokolea, karibu na zambarau, yalitanda hadi macho yanapokoma. Nilipiga picha nyingi sana, zote za maua. Jioni nikafungua kitabu cha mimea nikakwama: maua ya rangi ile huku ni mengi.

Jirani yangu, mama mtu mzima aliyezaliwa hapa, alizitazama picha zile akaniuliza mbona sina hata moja ya jani. Kesho yake tulikwenda pamoja, akachuma jani moja na kuligeuza. Lilikuwa refu na jembamba. Mishipa iliyotoka katikati haikufika ukingoni, bali ilijikunja na kuungana ikawa mstari mmoja unaofuata ukingo wa jani. Nilipoliinua kwenye jua nikakumbuka majani ya mikaratusi tuliyochezea utotoni Lushoto, nayo yana mshipa kama huo. Baadaye nilisoma kwamba mimea hii miwili ni ya oda moja, yaani kundi kubwa la mimea yenye undugu, iitwayo Myrtales, pamoja na mpera na mkarafuu wetu. Siku ile ugeni ulinipungua moyoni.

Jina la kitaalamu la ua lile la msituni ni Chamaenerion angustifolium. Wenyeji huliita fireweed, yaani gugu la moto, na eneo jirani la Yukon, Kanada, lililifanya ua lake rasmi mwaka 1957. Basi usianze na rangi, anza na jani. Hapo ndipo usalama ulipo pia, kwa sababu watu hula machipukizi yake majira ya kuchipua, kabla halijachanua. Delfinia na akonito, mimea yenye sumu inayoota huku huku, ina majani yaliyochanika kama vidole vya mkono. La gugu la moto ni zima. Ukiwa na shaka hata kidogo, usile.

Ukishalijua jani, hesabu petali: ni nne. Ukikuta fupi, lenye maua makubwa zaidi, kwenye changarawe za mtoni, huenda ni nduguye, Chamaenerion latifolium, ua la taifa la Greenland.

Kisha tafuta shina moja, ukae chini, usiwe na haraka. Hili ndilo nililolipenda kuliko yote. Maua hufunguka kuanzia chini kwenda juu, na kila ua huanza kwa kutoa chavua. Siku chache baadaye stigma yake, sehemu ya ua inayopokea chavua, hujigawa ncha nne na kuwa tayari kuipokea. Kwa hiyo wakati wowote maua ya chini yanapokea na ya juu yanatoa. Nyuki wakubwa wenye manyoya hutua chini, wakaacha chavua waliyoibeba kutoka shina jingine, wakapanda wakikusanya mpya, wakaruka nayo. Mjerumani Christian Konrad Sprengel aliligundua jambo hili kwenye ua hilihili mwaka 1790. Mimi nililiona nikiwa nimepiga magoti kwenye majivu.

Kuhusu moto: mizizi yake hulala udongoni salama, na shina moja laweza kutoa mbegu hadi 80,000, zenye nyuzi laini kama sufi, zinazopeperushwa mbali. Ardhi tupu yenye jua ndiyo liitakayo. Ndiyo maana lilichanua hata kwenye vifusi vya London baada ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Miti ikirudi na kivuli chake, lenyewe hupungua.

Wazee wa hapa husema maua yakifika kileleni, kiangazi kimekwisha. Mwezi wa nane nikiona yamebaki matumba matatu juu ya shina, naanza kupasua kuni.